Veranda Mbili, Bati Moja

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimetoka Bungoma sasa hivi. Sijavua hata viatu. Mama ameanguka tena! Safari hii mlangoni kwake, akifukuza kuku. Mguu ule ule uliovunjika Desemba. Haukuvunjika tena, daktari anasema una bahati — mguu una bahati! — lakini Mama asilale peke yake tena. Wakoli, kaka yangu, anafanya kazi Webuye, anaondoka giza na kurudi giza. Mkewe yuko Nairobi. Nimemuuliza Mama nani atamsikia akiita usiku. Ati Mungu anasikia. Nikasema Mungu hatakuja kumshika mkono kwenda choo. Amenikasirikia mpaka naondoka.

Anakuja kwangu Kitale. Nimeamua nikiwa Kiminini, gari likipakia watu. Nimeamua na roho haitulii hata kidogo.

Jumapili, 9 Februari

Wepukhulu yuko nyumbani wikendi hii. Kwa kawaida mume wangu analala shuleni anakofundisha, huko Kiminini, zamu juu ya zamu. Nimemwambia habari ya Mama kabla hajamaliza chai. Amesema, "Atalala wapi?"

Swali lenyewe hilo. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Basi, hakuna mjadala. Hata mkono hawapeani. Tangu niolewe, Mama na Wepukhulu hawajawahi kutazamana machoni. Na wanapendana! Mama akiwa na kuku mzuri anasema apelekewe mkwe wake. Wepukhulu akisikia Mama ana kikohozi hanipi amani mpaka nipeleke dawa. Lakini mmoja akiingia, mwingine anakumbuka ana kazi nje.

Kwa hiyo nimemchorea mpango nyuma ya kalenda. Chumba upande wa jikoni, chenye ukuta wake, mlango wake, paa lake. Kati ya hicho chumba na veranda ya nyuma tuache nafasi, mtu apite. Veranda ya nyuma ipanuliwe, iwe ya Mama kukaa mchana, na ngazi zake zitolewe ziwe mteremko wa simiti. Veranda ya mbele iwe ya Wepukhulu, izibwe ubavuni kwa matofali ya matundu, ili akisahihisha vitabu vyake asimwone Mama akipita, wala Mama asimwone. Veranda mbili, njia mbili, watu wawili wasiokutana.

Amechukua kalamu. Akaongeza kamstari kadogo — geti dogo la nyuma, Mama asilazimike kupita mbele. Huyu mtu!

Alhamisi, 13 Februari

Fundi ameanza. Anaitwa Gikonyo, amezaliwa hapa hapa Kitale, mdomo haupumziki kama mwiko wake. Amenikuta nimeshahamisha sufuria zote za jikoni kabla ya saa moja. Ati, "Madam, tunachimba nje, sufuria imekosea nini?" Nimezirudisha. Jioni nimezitoa tena, vumbi.

Dukani leo watu wa mbegu walipanga foleni mpaka barabarani. Kuuza agroveti, mbegu na dawa za mifugo, msimu huu ni kichaa. Nilimpa mzee mmoja dawa ya kupe badala ya dawa ya mahindi. Akarudi akicheka, nashukuru Mungu alisoma. Akili yangu iko kwenye msingi.

Jumanne, 18 Februari

Wamevunja veranda ya mbele. Nilidhani nitafurahi. Nimesimama pale nikahisi kulia. Mwanangu Ivy alijifunzia kutembea kwenye ile sakafu nyekundu, sasa yuko chuo na sakafu ni kifusi. Nikapiga simu kwa Mama kumwambia kazi inaendelea. Anauliza kama chumba kina dirisha la kuona watu wakipita. Kina. Anauliza kama paa ni lake. Ni lake, Mama. Ameuliza mara mbili.

Ijumaa, 21 Februari

Mchanga haukuja. Gikonyo hakuja. Nimefagia kokoto. Nani anafagia kokoto?

Jumatano, 26 Februari

Kuta zimesimama. Mbao za paa ziko juu. Halafu leo Gikonyo akashuka, akanawa mikono, akaniita. Nikajua kuna jambo, huyu hanawi bure.

Anasema ile nafasi kati ya veranda ya nyuma na chumba itatusumbua. Maji ya mapaa mawili yatamwagikia hapo, yapige ukuta wa Mama, yatengeneze tope penye mlango wake. "Mtu wa mguu mbaya na tope, Madam, si hiyo ni shida? Wacha tulete bati ya veranda ivuke, iingie chini ya bati ya room. Hakuna mbao hapo katikati, ni bati tu. Unatoka jikoni kavu, unafika kwa mamako kavu."

Nikamwambia habari ya mama mkwe na paa la kulala. Akacheka — si kwa dharau, huyu anacheka hata akipiga msumari. Ati kwao pia mama mkwe hazoei boma la mkwe ovyo, lakini bati ni bati, kuta si ni zake? Mlango si ni wake?

Nimezunguka ile nafasi jioni nzima. Usiku wa mvua, Mama ananiita, natoka na mwavuli, nateleza — wagonjwa wawili. Na bati likivuka nitamsikia hata akikohoa. Mama ni mtu wa kanisa, shemasi! Atashikilia mambo ya bati?

Sijampigia Wepukhulu. Yuko na mitihani.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia Gikonyo aunganishe. Saa nne bati limevuka. Limekaa vizuri sana, utadhani lilizaliwa hapo.

Jumapili, 2 Machi

Wepukhulu amekuja jana jioni. Amepita veranda ya mbele, akagusa matofali ya matundu, akasema kazi safi. Akaenda nyuma. Nikamfuata. Akainua kichwa. Akakishusha.

"Hm."

Nikamwuliza hm ni nini. Ati hana neno. Nikasema kuta ni zake, mlango ni wake, ni tope tu nakwepa. Ati amesikia. Nikasema basi sema kitu! Akasema, "Mimi sina neno, Mama Ivy. Lakini mama yako ana macho."

Akaenda kanisani mbele yangu. Nimekasirika mpaka nimeunguza wali. Kwa nini hakusema livunjwe? Kwa nini hakusema libaki? Mwanamume anaweza kuishi miaka yote kwa hm!

Jirani yangu Arafa ameleta maji ya ndimu juu ya ua. Yeye amefunga, jana ndiyo ilikuwa ya kwanza ya Ramadhani, lakini aliona moshi wangu. Ameuliza nani anaungua.

Jumamosi, 8 Machi

Plasta imekauka. Nimechagua rangi ya maziwa, nikaibadilisha, nikairudia. Gikonyo anasema mimi ndiye mteja wake wa kwanza kupaka ukuta kwa mdomo. Mteremko wa simiti ameuchora mistari ili mkongojo usiteleze. Nimeupanda na kuushuka nikijifanya Mama. Nimelaza kitanda karibu na dirisha. Nimekihamisha. Nimekirudisha.

Kila nikipita hapo katikati naangalia juu. Sitaki, lakini naangalia.

Jumamosi, 15 Machi

Leo. Nitaandika yote.

Wakoli amemleta Mama saa sita na gari la rafiki yake. Wepukhulu alikuwa ameshajificha veranda ya mbele na gazeti, vizuri kabisa, kama mpango ulivyo. Mama ameingia kwa geti dogo. Akasifu geti. Akapanda mteremko na mkongojo wake, polepole, akausifu pia. Akakaa kwenye kiti cha veranda, akapumua, akasema hewa ya Kitale ni baridi lakini inalala vizuri kifuani. Nikaona mambo yamekwisha. Nikaingia kuleta uji.

Narudi, kichwa chake kiko juu.

Hakuangalia pazia. Hakuangalia kitanda wala rangi iliyonitoa roho. "Nakhungu. Hiyo bati inatoka wapi?"

Nikamweleza maji. Tope. Mguu. Nikaeleza haraka haraka, nikajisikia vile nilivyokuwa utotoni nikimweleza sukari ilikoenda. Akafuata bati kwa kidole: linatoka nyumbani kwa mkwe wake, linapita hapa, linaingia juu ya kitanda chake. "Hiyo ni paa moja."

"Mama, kuta ni zako."

"Sikuuliza kuta. Mimi silali chini ya bati ya mkwe wangu. Watu wa Bungoma watasema nilivunjika mguu nikavunjika na akili."

Nikamwambia watu wa Bungoma hawaji kumwosha. Neno baya, lilishatoka. Wakoli akaangalia viatu vyake. Mama akakunja shuka lake lililokuwa halijakunjuliwa hata, akaliweka mapajani. Na upande wa pili wa nyumba gazeti la Wepukhulu halikufanya hata sauti ya kugeuzwa.

Arafa ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anasikia yote, ua ni wa mabati makuukuu, una matundu kuliko kichujio. Akaita, "Mama Ivy, niletee huyo mama. Kuna kitanda cha wanangu, hawako."

Mama yangu amelala kwa Arafa. Chumba cha rangi ya maziwa kimelala na kitanda chake.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda kumwamsha asubuhi nikijua nitakuta uso umekunjwa. Ameshaamka zamani! Ameamka daku pamoja na Arafa, wakala viazi na maharage kabla ya alfajiri, wakaongea magonjwa. Ati hawa watu wana mpango mzuri, unakula wakati hakuna mtu wa kukusumbua. Shemasi wangu.

Nimempigia Gikonyo. Yuko Kiminini, ameanza nyumba ya mtu. Nikamwambia arudi akate. Akanyamaza — Gikonyo kunyamaza! — halafu akasema pole, Madam, kumbe hiyo maneno ni ya ukweli. Atajaribu. Ngazi yake bado iko ukutani kwangu.

Jumatano, 19 Machi

Mchana Mama anavuka kwa geti dogo, anakaa veranda ya nyuma, anachambua mboga, ananituma. Kukaa si kulala, anasema, kukaa hakuna makosa. Jioni namrudisha. Asubuhi namchukua. Ule mteremko naujua mstari kwa mstari. Leo mkongojo ulizama kwenye nyasi za Arafa, nikamdaka kwa bega. Mwanamke mwenyewe ni mwepesi siku hizi. Nilitaka kumwambia samahani ya neno la kuosha. Nikamwambia aangalie anapokanyaga.

Jumamosi, 22 Machi

Wepukhulu yuko. Nimemwambia atafute mkasi wa bati alikate, dakika chache tu, mwanamume mzima! Akaweka chai chini. Hawezi kupanda juu ya pale mama mkwe atalala. Hiyo ni mbaya kuliko bati lenyewe. Nikasema basi nitapanda mimi. Akanitazama vile anatazama mwanafunzi aliyeandika jibu la karatasi nyingine. Mwanamke wa kwetu hapandi paa. Hilo pia nalijua. Mwaka gani huu? Nimeuliza kwa sauti mpaka kuku wamekimbia.

Jambo moja. Nilimkuta nyuma ya matofali ya matundu akisikiliza. Mama alikuwa upande ule akimsimulia Arafa mambo ya zamani, jinsi Wepukhulu alivyokuja kunichumbia akiwa amevaa koti la mtu mwingine, mikono imefunika vidole. Wepukhulu alikuwa anacheka bila sauti, amejiziba mdomo na karatasi za wanafunzi.

Nimeondoka taratibu. Sijui kwa nini nilitaka kupiga kelele.

Jumanne, 25 Machi

Arafa ameniita pembeni. Aliongea kwa adabu mpaka nikaona aibu mimi. Idd ni Jumapili au Jumatatu, ikitegemea mwezi. Wanawe na wajukuu wanakuja. Kitanda kitahitajika. Akaapa mara tatu kwamba angekuwa na chumba kingine asingesema. Najua.

Mama ameshajua kabla yangu. Ameshampigia Wakoli! Jumapili asubuhi mapema, kabla ya ibada, anakuja kumchukua. Arudi Bungoma. Kwa kuku wake, kwa mlango wake, kwa kulala peke yake na Mungu anayesikia. Nimemwambia akianguka tena atakaa chini mpaka jioni. Akasema, "Nitakaa. Si ni chini kwangu?"

Nimeenda chumbani kwake nikakaa kitandani. Halafu nikasimama. Siwezi kukaa mahali popote katika nyumba hii.

Ijumaa, 28 Machi

Gikonyo alisema atakuja leo. Leo anasema Jumanne, mteja wa Kiminini anamwagiwa slabu na hawezi kuacha zege. Fundi mwingine wa hapa mjini amekuja, ameangalia, ati afumue paa lote la veranda aanze upya, wiki mbili. Wa tatu hashiki simu. Mawingu upande wa Mlima Elgon yamekaa vibaya tangu mchana. Nimenunua mkasi wa bati. Nimeuweka juu ya friji kana kwamba ni wa kawaida.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi: Mama amefunga mkoba wake. Uko kwenye kiti cha veranda ya nyuma, umefungwa na leso. Ameniomba nimpe mkwe wake jogoo aliyekuja naye kutoka Bungoma, maana hatarudi naye. Nikampelekea Wepukhulu jogoo. Akamshika, akamwangalia, akanirudishia. "Mwambie mama nitakula siku atakayolala hapa." Nikavuka, nikasema. Mama akaangalia mboga. Akasema nimwambie ana maneno mengi siku hizi.

Saa kumi na moja na kitu: mvua ya kwanza. Si manyunyu, mvua! Na kweli kabisa, pale katikati hapakuingia hata tone. Bati la Gikonyo linafanya kazi yake vizuri, shetani wa bati. Nimesimama chini yake mkavu, nikamwona Mama akivushwa na Arafa kwenda ng'ambo, mwavuli mmoja, mguu mmoja ukiburutwa kwenye tope lile lile nililolikimbia. Nimelikimbia mlangoni, nikalipeleka njiani.

Nikaingia ndani nikavaa suruali ya Wepukhulu ya shambani.

Alinikuta nimeegemeza ngazi. Nilingoja aseme kitu kuhusu mwanamke na paa. Mvua ikimpiga usoni. Hakusema hata hm. Alikuja akashika ngazi kwa mikono miwili, akageuza uso ukutani, asione juu wala ng'ambo kwa Mama.

Nikapanda. Kelele ya mvua kwenye bati ukiwa juu yake! Mama aliniona kutoka mlangoni kwa Arafa. Nilijua sasa atapiga yowe. Alisimama, mkongojo mkono mmoja, akaita kwa ile sauti ya kuita watoto kutoka mtoni:

"Nakhungu! Umevaa suruali?"

"Nimevaa!"

"Basi kata! Hayo mengine nitajibu mimi mbele ya Mungu. Kata, usiache hata kipande!"

Nimekata. Bati la kwanza limeshuka. La pili nusu. Mama na Arafa wamevuka tena mpaka chini yangu. Magharibi imeshaadhiniwa, Arafa hajafuturu sawasawa, ameweka tende moja tu mdomoni na anashika mwavuli juu ya kichwa cha Mama, na Mama anashika tochi anamulika mikono yangu. Mkasi umeteleza. Kidole kimepasuka, si sana, lakini damu na mvua vinatisha. Nimeshuka kutafuta kitambaa.

Kitambaa hakionekani. Daftari liko hapa mezani, naandika nimesimama, karatasi inalowa. Niko jikoni, dirisha liko wazi. Wanaongea huko nje.

Mama: "Nakhungu, mwambie mkwe wangu asimame kando, maji yote yanamwingia shingoni."

Wepukhulu: "Mama Ivy, mwambie mama niko sawa. Yeye asikanyage hapo, panateleza."

"Nakhungu, mwambie nimeshaona."

"Mama Ivy, mwambie chumba kitakuwa tayari usiku huu. Nitatandika godoro mimi mwenyewe. Hapana — mwambie utalitandika wewe."

"Mwambie ahsante. Mwambie ale jogoo."

Nani amwambie nani? Mimi siko pale! Niko jikoni na kidole mdomoni. Mkoba wa Mama bado umefungwa kwenye kiti. Wakoli hajui lolote, asubuhi atakuja na gari. Na kuna nusu ya bati la pili na lote la tatu, na mwanga unakwisha.

Kitambaa nimekiona, kiko hapa hapa mbele yangu. Sitoki kwanza.